Mrejesho: kamba ya nyuzi nne sasa inakaa sawa

Wakuu, niliuliza kwa nini kamba yangu ya katani ninayoisuka kwa nyuzi nne inalegea upande mmoja na kujipinda, wakati ile ya nyuzi tatu inatoka vizuri tu. Mrejesho ndio huu.

Kulowesha katani kidogo kumesaidia. Ikiwa na unyevu inalainika, haikwaruzi vidole sana. Ila kilichomaliza tatizo ni kukaza. Nafunga kichwa cha kamba kwenye komeo la mlango, na kila hatua navuta nyuzi zote kwa nguvu sawa kabla ya kuhamia upande wa pili. Uzi wa pembeni kulia unapita nyuma ya nyuzi mbili, kisha unarudi kwa mbele juu ya mmoja. Wa kushoto nao hivyo hivyo. Kamba inatoka mviringo, imeshiba, na sasa ndiyo mkono wa kikapu changu.

Aliyesema nichome ncha kwa moto: hiyo ni ya nailoni, inayeyuka na kujiziba. Katani inaungua tu! Nimezungushia uzi mwembamba wa pamba nikaukaza.

Kwa urembo nimechanganya rangi mbili. Ukibadilisha mpangilio wa kuanzia, nakshi nayo inabadilika, na hapo ndipo niliponogewa. Msuko unakula uzi lakini, kwa hiyo kata kila uzi mrefu kuliko kamba unayoitaka, walau kwa nusu yake.

Nataka kujaribu nyuzi nane. Mwenye uzoefu, unazishikaje zisivurugane?