Hisa za sokoni zina tofauti gani na hisa za kikundi? Naomba kueleweshwa kabla sijanunua

Mama wa Pembejeo, Tukuyu

Salaam kwenu nyote. Ninauza pembejeo hapa Tukuyu, na kwa miaka tisa nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA. Msimu huu, baada ya kuuza parachichi na kumaliza madeni ya mbolea, nimebakiwa na shilingi milioni mbili na nusu ambazo sitazihitaji kwa miaka mitatu hivi. Kijana wangu anayesoma chuo Mbeya amenishauri ninunue hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Nilidhani jambo hili litakuwa jepesi kwangu, kwa kuwa hisa ninaziuza kila Jumamosi: mwanakikundi hununua hisa moja hadi tano, ninagonga muhuri kwenye daftari lake, na mwisho wa mzunguko tunavunja kikundi na kila mtu anarudishiwa fedha za hisa zake pamoja na faida. Lakini nilipoanza kusoma taarifa za soko nilikutana na gawio, ukwasi, mtaji wa soko, fahirisi, hatifungani na vipande, nikaona kwamba hata neno hisa lenyewe huenda silijui. Naomba mwenye uzoefu anieleweshe, na hasa anijibu hili: nikitaka fedha yangu baada ya miaka mitatu, nani atanirudishia?

Mhasibu Mstaafu, Iringa

Kamwene, mama. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo wengi waliotoka kwenye vikundi na SACCOS wanapojikwaa. Hakuna atakayekurudishia. Hisa ya kikundi ni akiba ambayo kikundi kinakutunzia na kinawajibika kukurejeshea, ilhali hisa ya sokoni ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Fedha uliyotoa haikusubiri mahali popote. Ukitaka kutoka, huendi kwa kampuni kudai chako, bali unatafuta mtu mwingine anayetaka kumiliki sehemu hiyo, naye anakulipa bei mtakayokubaliana siku hiyo. Bei hiyo inaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko uliyonunulia.

Kampuni hupokea fedha ya mnunuzi mara moja tu, yaani inapouza hisa mpya kwa umma, na mauzo hayo huitwa soko la awali. NMB ilipouzwa kwa umma mwaka 2008 bei ilikuwa shilingi 600 kwa hisa, na CRDB mwaka 2009 iliuza kwa shilingi 150. Tangu hapo hisa hizo zinapita mikononi mwa wanahisa wenyewe kwa wenyewe, na huko ndiko kunaitwa soko la upili. Hisa za NMB zilivuka shilingi 5,000 mwaka 2024. Za CRDB, kabla ya kupanda sana, ziliwahi kushuka chini ya zile 150 za mwanzo, na aliyeuza wakati huo alipata hasara halisi ingawa benki ilikuwa inaendelea na kazi zake kama kawaida. Nakueleza yote mawili kwa makusudi, kwa sababu wanaotusihi tununue hutaja la kwanza peke yake.

Huingii sokoni mwenyewe. Unapitia kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au unatumia programu ya simu ya Soko lenyewe iitwayo Hisa Kiganjani. Unafunguliwa akaunti ya kutunzia hisa, halafu unatoa oda: kampuni gani, hisa ngapi, kwa bei gani. Upande mmoja zinapangwa oda za wanunuzi na upande wa pili za wauzaji, na biashara hufanyika pale bei zinapokutana. Kama wewe unataka kununua kwa 480 na wauzaji wote wanataka 500, oda yako inakaa inasubiri.

Sasa gawio. Hiyo ndiyo sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kuwagawia wanahisa, na neno la kushika hapo ni "inaamua". Bodi inapendekeza, mkutano mkuu wa mwaka unaidhinisha, na mwaka mbaya gawio linaweza kuwa sifuri bila kampuni kuvunja ahadi yoyote. Tuchukue mfano wa kubuni: umenunua hisa 2,000 kwa shilingi 500, sawa na shilingi milioni moja. Makato ya dalali, Soko na Mamlaka kwa mnunuzi mdogo hufika asilimia mbili na ushei, kwa hiyo tenga kama shilingi 24,000 juu yake. Kampuni ikitangaza gawio la shilingi 50 kwa hisa, stahili yako ni 100,000. Inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo ndiyo kiwango cha kampuni zilizoorodheshwa sokoni, na mkononi unapokea 95,000.

Angalia pia tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Gawio hulipwa kwa walioandikwa humo siku hiyo. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza, nilisoma tangazo la gawio gazetini, nikanunua kwa haraka, nikasubiri malipo miezi miwili bila kuona kitu. Nilipouliza nilionyeshwa tangazo lile lile: daftari lilikuwa limefungwa siku nne kabla ya ununuzi wangu, na gawio lilikwenda kwa yule aliyeniuzia. Kosa lilikuwa langu, maana tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye mstari wa tatu.

Mtaji wa soko ni hesabu tu: idadi ya hisa zote za kampuni mara bei ya hisa moja. Kampuni yenye hisa milioni 100 zinazouzwa kwa shilingi 400 ina mtaji wa soko wa shilingi bilioni 40. Kwa hiyo usidhani hisa ya shilingi 300 ni "rahisi" kuliko ya shilingi 5,000 kabla hujajua hisa ziko ngapi na kila moja inaingiza faida kiasi gani. Fahirisi ni kipimo cha mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja. Soko letu lina ya jumla, inayojumuisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa Dar es Salaam, na nyingine ya kampuni za ndani peke yake. Hiyo ya pili ndiyo itakayokufaa zaidi.

Msambazaji wa Mbao, Makambako

Mzee wangu wa Iringa ameeleza vizuri, lakini neno ukwasi amelipita, na mimi ndilo lililoniumiza. Ukwasi ni wepesi wa kitu kugeuka fedha taslimu bila kushusha bei yake. Gunia la viazi pale Mwanjelwa lina ukwasi mkubwa, kwani ukilifikisha alfajiri halifiki jioni. Shamba la miti lina thamani kubwa kuliko gunia, lakini ukiwa na mgonjwa usiku huu haliwezi kukusaidia.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa za kampuni moja ndogo, sitaitaja, kwa sababu bei yake ilikuwa imetulia mahali pamoja kwa muda mrefu, nami nikadhani utulivu huo ni dalili ya usalama. Januari ilipofika nilihitaji ada za watoto wawili. Nilitoa oda ya kuuza hisa zote kwa bei iliyoandikwa kwenye taarifa ya kila siku. Wiki ya kwanza hakuna mnunuzi, ya pili hakuna, na kila nilipompigia dalali alinijibu kwa upole kwamba oda ipo kwenye foleni. Ndipo nilipoelewa kwamba bei ilikuwa imetulia kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa akinunua wala kuuza. Niliuza wiki ya saba, baada ya kushusha bei mara mbili, na ada ile nilikwisha kuikopa kwa riba.

Tangu siku hiyo sitazami bei kabla sijatazama safu ya idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo na siku za nyuma. Ukikuta sifuri zimefuatana, jiulize utakuja kumuuzia nani. Sisemi kampuni ndogo zote hazifai. Hata hapa jirani, benki ya MUCOBA ya Mafinga iliorodheshwa mwaka 2016 katika dirisha la kampuni changa, na mtu anaweza kuwa na sababu njema za kumiliki sehemu ya benki ya nyumbani. Ninachosema ni kwamba fedha yenye tarehe, kama ada au mbolea, isiingie huko.

Mama wa Pembejeo, Tukuyu

Ndaga fijo, baba zangu. Nilikuwa nimepanga kuweka fedha yote kwenye hisa na sasa nimesita, kwani katika zile milioni mbili na nusu kuna milioni moja ambayo ikitokea ukame nitaihitaji. Je, hatifungani na vipande vina tabia hiyo hiyo ya kusubiri mnunuzi?

Mtumishi wa Nzovwe, Mbeya

Dada yangu, kila kimoja kina tabia yake. Hatifungani ni mkopo: wewe ndiye mkopeshaji, na mkopaji ni serikali au kampuni. Za serikali huuzwa na Benki Kuu kwa mnada, kuanzia shilingi milioni moja, kwa miaka 2, 5, 10, 15, 20 na hata 25. Riba yake imeandikwa tangu mwanzo na hulipwa kila miezi sita, na siku ya kuiva unarudishiwa kiasi chote kilichoandikwa. Hapo kuna wa kukurudishia, tofauti na hisa, ilimradi usubiri. Ukiihitaji fedha mapema, unarudi kule kule kutafuta mnunuzi sokoni. Tena, kama wakati huo serikali inakopa kwa riba ya juu kuliko ya hatifungani yako, mnunuzi hatakubali kutoa shilingi 100 kwa kila 100; atakupa 93 au 95, ili naye apate kinacholingana na hatifungani mpya. Tawi la Benki Kuu lipo hapa Mbeya, na benki yako pia inaweza kukuwekea zabuni.

Vipande ndivyo vilivyo karibu zaidi na kikundi chako. Watu wengi wanachanga katika mfuko mmoja, na meneja anaununulia hisa, hatifungani na amana za benki. UTT AMIS ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, na mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005. Ukitaka kutoka, mfuko wenyewe unanunua vipande vyako kwa thamani ya siku, na fedha hufika baada ya siku chache za kazi. Thamani hiyo hupanda na kushuka, kwa hiyo usivifananishe na akaunti ya benki, lakini kwa ile milioni yako ya tahadhari mimi ningeanzia kwenye mfuko wenye ukwasi mkubwa.

Na tafadhali, mtu akikuunganisha kwenye kundi la simu na kukuahidi asilimia 20 kwa mwezi "kupitia hisa", usitume fedha. Muulize leseni, kisha thibitisha jina hilo kwa Mamlaka wewe mwenyewe.

Mama wa Pembejeo, Tukuyu

Nimeelewa. Milioni moja nitaiweka kwenye vipande, na ile moja na nusu nitanunulia hisa za kampuni mbili ambazo huuzwa kila siku, nikiisha kusoma hesabu zao za mwaka jana. Nina swali moja tu lililobaki: nikifariki, je, watoto watazipata?

Mhasibu Mstaafu, Iringa

Watazipata kwa njia ya mirathi, kama shamba. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama anawasilisha hati yake, na hisa zinahamishiwa kwa warithi. Kinachokwamisha familia nyingi ni kutojua kwamba hisa zilikuwepo, kwa kuwa siku hizi hakuna cheti cha karatasi kabatini. Andika namba ya akaunti yako ya hisa na jina la dalali kwenye lile daftari la kikundi, ukurasa wa mwisho, na umwonyeshe kijana wako akija likizo.