Mbege inanuka plasta ya kidonda: naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Mwana wa Kihamba: Ndugu zangu, nimepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hapa Marangu, Kilimanjaro, ya kupeleka ukweni Jumamosi kwa posa ya mdogo wangu. Tangu jana jioni nilipochanganya nyalu (ndizi zilizochemshwa na kuachwa zichache) na mso (uji wa kimea cha ulezi), inanuka kama plasta ya kidonda. Haijachacha kupita kiasi na ladha ya ndizi ipo, ila kila funda linaacha ukali wa dawa ulimini. Ndizi zilikuwa mbivu, ulezi niliuotesha mwenyewe, na msesewe, lile gome chungu la mti, ulikuwa wa kawaida.

Mama Ulezi: Mwanangu, siku hizi mnapika kwa pupa. Marehemu mama mkwe wangu alichemsha ndizi kutwa nzima mpaka zikawa nyekundu, na kimea alikianika yeye mwenyewe, kwa sababu kikishika ukungu pombe yote huharibika.

Fundi Mapipa: Ukungu hunuka udongo, hauwezi kunuka plasta. Ulichanganyia kwenye chombo gani, na ulikisafisha kwa kitu gani?

Mwana wa Kihamba: Pipa la plastiki. Nililiosha vizuri.

Fundi Mapipa: Kwa kitu gani, ndugu yangu?

Mwana wa Kihamba: Kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha nikasuuza kwa maji ya bomba. Sikuona haja ya kulitaja, maana klorini husafishia hata maji ya kunywa. Isitoshe, nimeshapatana na jirani aniuzie mbege yake nichanganye, ili harufu ipungue.

Fundi Mapipa: Usichanganye. Klorini ikikutana na fenoli, kemikali za asili zilizomo kwenye ulezi na ndizi, hutengeneza klorofenoli, ambayo ulimi huitambua hata ikiwa kidogo mno, kwa hiyo utaharibu na ya jirani. Harufu hiyo haiondoki kwa kusubiri, na plastiki iliyokwaruzika huishikilia.

Mcha Mungu: Posa ingefaa kufanyika kwa soda na sala.

Macho Makavu: Mimi nina shaka na kisa hiki. Mbege ikishatiwa mso hunywewa kesho yake. Leo ni Alhamisi, sasa mpishi gani wa Marangu atapeleka Jumamosi pombe aliyoichanganya Jumatano? Huyu hajawahi kushika kata.

Mwana wa Kihamba: Niliyochanganya jana ni sehemu ya kuonja tu. Nyalu nyingine ingali kwenye mtungi wa udongo, haijatiwa mso wala haijagusa pipa.

Fundi Mapipa: Hilo ungelianza nalo! Mwaga ya pipani. Kesho pika mso kwa maji uliyoyachemsha na kuyaacha wazi usiku kucha, upoe kabisa, kisha uchanganyie mtungini.

Mwana wa Kihamba: Lakini haitatosha, na ukweni wanatarajia pipa zima.

Mama Ulezi: Nunua ya jirani, lakini ipeleke kwenye chombo chake. Yako itangulie kwa wazee. Wakiuliza ya pili imetoka wapi, waambie.