Hivi watengenezaji wa gemu za mpira huwa wanaangalia mpira kweli?

Kitasa_Mkongwe

Wakuu habari za jioni. Naanza kwa kusema mimi sio mtoto, gemu za mpira nacheza tangu enzi za PS1 tunalipia banda mtaani na mwenye banda anakuzimia TV katikati ya penati, kwahiyo asije mtu akasema nalalamika kwa sababu nafungwa. Nafunga sana tu. Shida yangu ni kwamba hili gemu tunalouziwa kila mwaka (mnalijua, FIFA ya kampuni ya EA, siku hizi linaitwa FC) halifanani na mpira.

Jana usiku niko kwenye career (ile ya kuongoza timu moja peke yako msimu baada ya msimu), timu yangu inaongoza ligi, nakutana na timu ya mkiani iliyopanda daraja msimu huu. Dakika ya 80 na ushee wako nyuma bao moja. Timu ya mkiani hapo inafanyaje? Inamwaga majaro, mabeki wa kati wanapanda mbele, mipira mirefu, vurugu kwenye boksi, kocha anatoka mpaka nje ya eneo lake. Sasa hawa jamaa wanapigiana pasi fupi fupi nje ya boksi langu, kisigino, moja mbili, beki lina spidi 50 linageuka na mpira kama Iniesta, hawapigi krosi hata ya kubahatisha, mpaka refa anapuliza filimbi. Naangalia takwimu, pasi zao zimefika asilimia 90 na kitu. Faulo walizocheza: sifuri. Timu inapigania isishuke daraja na imemaliza mechi haijamkanyaga mtu!

Kila timu inacheza kama Man City ya Guardiola. Ile Burnley ya Sean Dyche iliyokuwa inapiga mipira mirefu na kugombea mipira ya vichwa, kwenye gemu ilikuwa inapiga pasi kama wengine wote, tofauti jezi tu.

Ila jasho wametengeneza bwana. Nywele zinapepea, tatuu ziko mahali pake, kamba za viatu unaziona. Halafu fulbeki wangu winga anampita mgongoni yeye kasimama tu kama anasubiri daladala.

Swali: ni uvivu, hawawezi, au hawataki? Na kama kuna mtu ana gemu au setingi inayoleta mpira wenyewe aseme.

Mhasibu wa Benchi

Hawataki. Fuata hela mkuu.

Ultimate Team, ile sehemu ya kuunda timu kwa kadi za wachezaji, ilianza 2009 kama nyongeza tu ya FIFA 09, wala watu hawakuichukulia siriasi. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 EA walitangaza Ultimate Team za michezo yao yote zimeingiza dola bilioni 1.62, karibu asilimia 29 ya mapato yote ya kampuni. Yaani hizo kadi tu, za kununua pakiti na kuomba Mungu umpate Mbappe. Ubelgiji mwaka 2018 walisema wazi huu ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza kule pointi za kununulia pakiti.

Sasa wewe wa career unalipa mara moja kwa mwaka, tena pengine CD ya mkononi kwa mtu, unategemea nani akeshe ofisini anamfundisha fulbeki wako kumfuata winga? Anayenunua pakiti hataki mechi ya majaro na vurugu, anataka spidi na mabao ya kutamba mtandaoni. Gemu linatengenezwa kwa ajili yake, sisi wengine tunabebwa humo humo.

Dogo wa Pedi

Mnalaumu sana nyie wazee. Mechi ya kawaida ni dakika 6 kwa kila kipindi, jumla 12. Mpira halisi una faulo 20 au zaidi kwa dakika 90. Zipange kwenye dakika 12 uone, ni faulo kila sekunde thelathini na kitu, utavunja pedi. Lazima wapunguze.

Ongeza kipindi kiwe dakika 10, ingia kwenye slaida (setingi za kurekebisha uchezaji) shusha spidi ya wachezaji, ongeza makosa ya pasi kwa timu zote mbili, mechi inabadilika kabisa. Na FC 26 wameweka aina mbili za uchezaji, ile ya ushindani na ile wanayoiita Authentic kwa ajili ya watu wa career. Kwahiyo wamesikia.

Kitasa_Mkongwe

Dogo kuhusu dakika nakubali, hesabu yako iko sawa. Ila slaida nimeshazichezea sana, pasi zinaharibika ni kweli, lakini zinaharibika ovyo, sio kwa sababu mtu amekabwa au kachoka au uwezo wake mdogo. Na ya mkiani bado inakuja kupiga pasi fupi golini kwangu. Slaida haziwapi akili.

Hilo la Authentic nimelisoma. Miaka yote hii ndio wanagundua wanaocheza peke yao wanataka kitu tofauti?

Winga Teleza_254

Niaje wazee. Angalau hao wenu gemu inafunguka, mimi ni mtu wa PES, ile ya Konami iliyoshindana na FIFA, tangu ikiitwa Winning Eleven, na mkitaka kujua uchungu ulizeni sisi. 30 Septemba 2021 Konami wakatoa eFootball, PES wakaizika, na manze ile siku nilicheka mpaka nikanyamaza. Sura za wachezaji zimepinda, macho yametoka, mashabiki jukwaani ni kama wamekatwa kwa makasi, picha zikazunguka dunia yote. Kwa Steam, duka la gemu za kompyuta, ikawa gemu iliyopigiwa kura mbovu kuliko zote. Wakaomba radhi, toleo lenyewe likakuja Aprili 2022. Master League, yaani career ya PES, wakaahidi, tukangoja tukachoka.

Na kitu inaniuma ni kwamba hao watu walikuwa wanajua mpira. Laiseni ya majina halisi hawakuwa nayo, tulicheza na Man Red na Merseyside Red (Man United na Liverpool) tukibadilisha majina wenyewe usiku mzima, lakini ukigusa ile boli unaona mtu mzito ni mzito, mguu mbaya ni mbaya. Sahi EA hana mtu wa kumkimbiza ndio maana anatembea.

Kipa Namba Mbili

Mnazunguka tu, hamsemi kuhusu script, yaani gemu linapanga matokeo lenyewe. Unaongoza 2-0, dakika ya 85 wachezaji wako wote wanakuwa wazito ghafla.

Mhasibu wa Benchi

Hiyo ilifika mahakamani mkuu. 2020 watu walifungua kesi California wakidai gemu linabadilisha ugumu kimya kimya ili ununue pakiti, EA wana hataza ya teknolojia ya namna hiyo. EA wakasema haimo kwenye Ultimate Team, wakawaonyesha walalamikaji mambo ya kiufundi, 2021 kesi ikaondolewa na walioifungua. Sisemi wewe huoni unachokiona, ila timu yako ina stamina kiasi gani dakika ya 85?

Kipa Namba Mbili

Stamina sijawahi kuangalia. Ila script ipo.

Fundi Texture

Mimi hayo mambo niliacha. Nacheza kwenye simu, kwa PPSSPP (app ya kuchezea gemu za PSP), PES ya PSP ambayo toleo lake la mwisho lilikuwa PES 2014. Vijana wa hapa hapa Bongo wanapachika Simba, Yanga, Azam, jezi za msimu huu na usajili mpya, wengine wanaweka mpaka utangazaji wa Kiswahili. Wengi hakuna anayewalipa. Halafu kumbukeni kwenye Switch ya Nintendo EA waliuza Legacy Edition kuanzia FIFA 20 mpaka FIFA 23, gemu lile lile, wanabadilisha vikosi na jezi tu. Yaani kazi ile ile anayoifanya kijana na simu yake.

Akili ya mabeki ni ya zamani, sikudanganyi. Lakini gemu halijifanyi jipya.

Kitasa_Mkongwe

Nitumie PM mkuu. Simu yangu RAM 3, itabeba?

Fundi Texture

Inabeba. Ukishapata, kabla hujaweka kifurushi chochote kipya cha jezi na usajili nakili folda ya SAVEDATA pembeni kwanza, vifurushi vingi vinakuja na ya kwao na inakaa juu ya yako, ligi uliyoanza inapotea yote. Na pakua kwa waifai, bando litaisha njiani.