Naomba ushauri: spidi ya baiskeli imegoma kwenye 17
Habari zenu wakuu. Nina miaka 38, naendesha baiskeli ya gia mara tatu kwa wiki, hapa Mbeya, Mwanjelwa hadi Igawilo na kurudi. Tambarare napata kilomita 17 kwa saa. Najua wa mazoezi wengi wako kati ya 15 na 20, ila miezi mitatu sasa siongezeki.

Shida kubwa ni vilima. Nakanyaga gia nzito, magoti yanauma, nashuka nakokota. Juzi mzee mmoja alinipita na gunia la viazi nyuma, miguu yake inazunguka harakaharaka, wala hahemi. Nimemuwaza tangu siku hiyo.

Je, nizoee gia nyepesi? Au huku mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hewa nyepesi ndiyo inanikwamisha? Natamani sana kufika Tukuyu bila kushuka.