Bendiso ya zamani ya inchi 24 au ndogo mpya? Nipo Arusha

RandaYaJioni
Wakuu, kuna bendiso (msumeno wa bendi ya chuma inayozunguka kwenye magurudumu mawili) ya Kiingereza imelala miaka kwenye ua mmoja pale Unga Limited. Magurudumu inchi 24, mwili chuma cha kusubu, mota ya njia tatu (fezi tatu), kutu ya kutosha. Mwenyewe anataka laki tisa. Nikiongeza kidogo napata ile ndogo mpya ya kuchomeka kwenye soketi. Kazi yangu ni ya nyumbani, jioni na Jumamosi: viti, miguu ya meza, kupasua mninga nipate mbao nyembamba. Umeme nyumbani ni njia moja. Nichukue ipi?

FundiPasua
Ya zamani. Uzito ule ndio unaoifanya isitetemeke. Yangu hapa Moshi niliikuta na hali mbaya kuliko hiyo. Kutu ni mafuta ya taa, msasa na jasho tu. Beringi zilikuwa 6206, saizi ya kawaida, nikazipata mjini siku hiyohiyo. Kilichonitesa ni mpira wa magurudumu: ulikauka ukawa kama gamba la mti, nikaubandua kwa patasi, nikagundisha mpya, kisha nikaupiga msasa uinuke kidogo katikati, kama mgongo. Mgongo huo ndio unaoshika bendi isihame. Jioni za wiki tatu zikaisha hapo.

MamaVumbi_Sakina
Wiki tatu za nani, kaka? Mimi nina hiyo ndogo, magurudumu inchi 10. Niliifungua kwenye boksi asubuhi, mchana nakata miguu ya stuli. Kwenye mikunjo haina shida. Ila nisikudanganye: mninga wa inchi 6 ukiusimamisha, mota inalia, bendi inapinda ndani ya mti, ubao unatoka na kitambi. Mbao nene napeleka kiwandani nalipia kwa mpasuo. Kwa mwezi mara moja, hainiumi.

Umeme_Njiro
Kabla hamjamuozesha, soma kibati cha mota. Kikiandikwa volti 230/400, inveta (kifaa cha kugeuza umeme) ya njia moja kwenda tatu itaiendesha, mota ikifungwa delta, yaani nyaya zake ziungwe kwa pembetatu. Kikiwa 400 peke yake, inabidi mota ifunguliwe nyaya zitolewe nje, au uweke nyingine ya njia moja ya HP 2.

Ukibadilisha, angalia mizunguko! Mota ya mizunguko 1440 kwa dakika, puli ya inchi 4 ikivuta ya inchi 8, gurudumu linazunguka mara 720, bendi inakimbia kama mita 1,380 kwa dakika. Hiyo ni sawa. Kuna mtu alifunga ya 2880 na puli zilezile kwa sababu ilikuwa rahisi. Bendi ilikatika siku ya kwanza, bahati kava lilikuwepo. Na weka stata (swichi ya kuwashia mota) isiyojiwasha umeme ukirudi. Kwa katakata yetu hii usije ukawa umeinamia meza.

FundiPasua
Hapo kwenye stata nakuunga mkono. Kingine, Randa: kabla ya kutoa hela vua bendi, gonga kila gurudumu kwa nyundo ndogo, taratibu. Zima linalia kama kengele. Lenye ufa linasema "kok". Beringi, mpira, mota vyote vinabadilishwa, ila gurudumu la kusubu lenye ufa usilichukue hata kwa bure.

RandaYaJioni
Nimetoka huko sasa hivi. La chini limelia vizuri hadi mbwa wa mlinzi akaamka. La juu, kok. Nikakwangua rangi: spoku moja ilishachomelewa, ufa umeanza tena pembeni ya weldi. Muuzaji ameshuka hadi laki nne, anasema "ilifanya kazi hivyohivyo miaka yote".

MamaVumbi_Sakina
Hata ya laki moja. Jumapili mchana nipo, njoo na kipande chako cha mninga uijaribu hii yangu. Kisizidi inchi 4.

RandaYaJioni
Nakuja, dada. FundiPasua, ukisikia nyingine huko Moshi nishtue.

FundiPasua
Ipo moja Majengo, inchi 30. Una mlango wa upana gani?