Mrejesho: altaneta ya Peugeot 504 imepona

Wakuu, ni mimi yule wa Peugeot 504 ya 1978, iliyokuwa ikimaliza betri kila baada ya siku mbili. Wengi mlisema ninunue altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiunguruma) nyingine. Mmoja tu akauliza kama taa ya betri inawaka nikifungua swichi. Ilikuwa haiwaki, nami nikadhani ndiyo dalili njema!

Kumbe umeme wa kuiamsha altaneta hupitia kwenye hiyo taa. Nikabadilisha balbu, wapi. Jumamosi fundi umeme akaifungua altaneta mezani: brashi moja (kipande cha kaboni kinachopitisha umeme) imelika mpaka imebaki kama punje ya mahindi, haigusi tena ringi ya shaba inayozunguka ndani, na vumbi jeusi la kaboni kila kona. Akalehemu brashi mpya, akasugua ringi kwa msasa laini. Beringi ya nyuma ilikuwa inalia, nayo ikatolewa ikawekwa nyingine.

Mwanzo mita ilisoma volti 12.1 injini ikiunguruma, yaani betri haichajiwi. Sasa ni 14.2, na nikiwasha taa kubwa haishuki chini ya 13.8. Feni belti, mkanda unaoizungusha altaneta, tumeikaza kidogo.

Altaneta ya mtumba niliyonunua kwa pupa bado ninayo. Mwenye 504 anitafute.