Kata yetu ina diwani mmoja, wapiga kura karibu mara mbili ya wenzetu. Tuombeje kiti cha pili? (Ontario, Kanada)

Nyamizi

Wanajamvi, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa mlioko Kanada na mnaozijua halmashauri za huku.

Naishi mashariki mwa Ontario, huu mwaka wa kumi na moja. Kura yangu ya kwanza ya udiwani nilipiga 2022. Manispaa yetu sitaitaja. Ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, enzi za Mike Harris, waziri mkuu wa jimbo wakati huo, zilipounganishwa halmashauri Ontario nzima zikashuka kutoka zaidi ya 800 hadi chini ya 450. Sisi tuliwekwa pamoja watatu: mji wenyewe na halmashauri mbili za mashambani. Kila moja ikageuka kata. Mji ukapewa madiwani wanne, kata ya kaskazini mmoja, na sisi mmoja. Ukijumlisha meya, baraza lina watu saba.

Wakati ule hesabu ilikaa sawa. Tangu hapo umejengwa mtaa mpya upande wetu, na mimi ni mmoja wa waliohamia humo. Leo kata yetu ina wapiga kura kama 2,300. Mji una kama 5,000 kwa madiwani wanne, yaani 1,250 kila mmoja. Kaskazini wako 1,100.

Niwaeleze kilichonifikisha hapa. Kwenye barabara ya kuingia kijiji cha zamani kuna kalvati lililozama upande mmoja. Kila Machi theluji ikianza kuyeyuka maji yanapita juu ya lami, usiku yanaganda, asubuhi dereva wa basi la shule anageuza. Watoto wanarudi nyumbani. Nimempigia diwani wetu mara nyingi, na si mtu mbaya. Aliniambia kwa upole: "Nyamizi, nina simu arobaini za kujibu, na kwenye baraza nina kura moja." Nikaenda kukaa kwenye viti vya wananchi jioni ile bajeti inajadiliwa. Kalvati letu liliahirishwa dakika chache tu baada ya kusomwa. Nilirudi kwenye gari nikalia.

Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu ambaye baba yake alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya zamani, ananiambia tuombe kiti cha pili. Tunaanzia wapi? Nani anaamua?

---

Mpima Ramani

Dada Nyamizi, pole sana. Nimefanya kazi ya mipango miji Ontario kwa muda, ngoja nikupe njia ilivyo.

Sheria yenu ni ile ya manispaa ya mwaka 2001. Shika vifungu viwili, maana watu wengi huvichanganya kisha wanapoteza mwaka mzima.

Kifungu cha 217 kinahusu ukubwa wa baraza. Baraza lenyewe ndilo linalopitisha sheria ndogo ya kuongeza au kupunguza madiwani, ilimradi lisishuke chini ya watu watano pamoja na meya. Wakikataa, kifungu hiki hakina njia ya rufaa.

Kifungu cha 222 kinahusu mipaka ya kata. Hapa baraza likipitisha sheria ndogo, karani wa manispaa anatoa tangazo ndani ya siku 15, na yeyote ana siku 45, tangu sheria ipite, za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za ardhi la jimbo. Hao wanaweza kuithibitisha, kuibadili au kuifuta.

Halafu kuna cha 223, ambacho ndicho silaha ya wananchi. Mnapeleka ombi lenye saini kutaka kata zigawanywe upya. Saini zinazotakiwa ni asilimia 1 ya wapiga kura wa manispaa au 500, ile iliyo ndogo, lakini zisipungue 50. Kwa takwimu zako mna wapiga kura 8,400, kwa hiyo ni saini 84. Baraza lisipochukua hatua ndani ya siku 90, mpiga kura anaweza kwenda kwenye baraza la rufaa.

Angalia lakini: ombi hilo linazungumzia kugawa kata. Halitaji idadi ya viti. Kiti cha ziada bado kinahitaji kura za baraza.

---

Nyamizi

Asante sana kaka. Saini 84 nilidhani ni elfu! Swali: mtaa wetu una familia nyingi za Kongo na Burundi ambazo bado hazina uraia. Wanaweza kusaini?

---

Mpima Ramani

Hapana. Saini ni za wapiga kura, na mpiga kura wa manispaa Ontario lazima awe raia wa Kanada mwenye miaka 18 au zaidi, anayeishi hapo, au anayemiliki au kupanga nyumba au ardhi hapo, au mwenzi wa mtu kama huyo. Kwa hiyo kusanya 120 au 130, kwa sababu karani akikagua kuna zitakazoanguka: mtu wa mji jirani, mtu asiye raia, anwani isiyosomeka.

Lakini kwenye hesabu ya kata familia hizo zinaweza kuingia. Ukaguzi wa mipaka huku kwa kawaida huhesabu wakazi wote, watoto na wasio raia wakiwemo. Mtoto anayerudishwa na basi kwenye kalvati ana haki ya kuwakilishwa hata kama hapigi kura. Chukua takwimu za sensa pamoja na zile za karani.

---

Shangazi wa Scarborough

Mwanangu Nyamizi, mimi nilikuwa Toronto ilipounganishwa Januari 1998. Miji sita ikawa mmoja, na serikali ya jimbo haikujali kwamba wananchi walikuwa wameikataa kwenye kura ya maoni ya Machi 1997.

Nakutajia East York, mmoja wa miji hiyo sita, kwa sababu ni kisa chako kabisa. Ilikuwa ndogo kuliko wote, na wakazi wake walijivunia kuiita *borough* (aina ya manispaa ya zamani) ya mwisho nchini. Jiji jipya lilianza na madiwani 56, wawili kwa kila kata. East York nzima, yenye watu zaidi ya laki moja, ikafanywa kata moja na kupewa wawili wake tu. Watu wakasimama wakasema hii si haki, sisi ni wengi kuliko kata nyingine na wawakilishi ni walewale. Wakaongezewa kiti cha tatu, baraza likawa na madiwani 57, na kiti kikajazwa kwa uchaguzi mdogo.

Kilichowasaidia ni kwamba hoja yao haikugusa kiti cha mtu mwingine. Mji wowote ukisikia unataka kumnyang'anya diwani wake, mlango umeshafungwa kabla hujabisha.

---

Kiboko ya Rideau

Nakubaliana na Shangazi ila niongeze ya Ottawa ninakoishi. Hapa waliunganisha manispaa 11 na serikali ya mkoa mwaka 2001. Tulianza na kata 21, zikawa 23 uchaguzi wa 2006, na 24 uchaguzi wa 2022. Kata mpya ya 2022 ilitokana na Barrhaven, ambako nyumba zimeota kama uyoga. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba kuongeza kiti ni jambo la ajabu.

Sasa nitauliza swali gumu, usinune. Kwa nini mtaa wenu mpya usihamishiwe kwenye kata ya mji? Mko jirani na mji. Mna maji ya bomba ya mji, wakati wakulima wana visima na mashimo ya maji taka. Mkihama, kata ya zamani inarudi kwenye idadi yake na hakuna senti inayoongezeka. Diwani yeyote wa mji atakuja na hoja hii.

---

Nyamizi

Sinuni kaka, umenigusa penyewe.

Tuko kama 900 kwenye mtaa mpya. Ndiyo, bomba ni la mji. Lakini watoto wetu wanasoma shule ya kijiji cha zamani. Maktaba tunayotumia ni ile ndogo ya kijijini, inafungua siku tatu kwa wiki. Mwanangu wa pili alipofariki, mazishi yalifanyika kanisa la kijiji, na wanawake wa kule ndio waliopika. Hakuna aliyetoka mjini. Jengo la halmashauri ya zamani bado lipo, ukutani kuna picha za wenyeviti wote tangu karne ya kumi na tisa, na chini yake sasa yamepangwa magunia ya chumvi ya barabarani. Mzee wangu alinipeleka akanionyesha picha ya baba yake. Akasema, "Hawa ni wenu pia sasa." Mimi sitaki mstari upite kati yangu na yule mzee.

---

Mpima Ramani

Pole sana kwa mwanao, dada.

Uliyoyaandika hapo juu ndiyo hoja yenyewe, na ina uzito kisheria. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwenye shauri la mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya Saskatchewan, ilisema haki ya kura haimaanishi usawa wa idadi peke yake. Ni haki ya kuwakilishwa ipasavyo. Jaji McLachlin aliandika kwamba jiografia, historia ya jamii, maslahi ya jamii na uwakilishi wa walio wachache vyote vinaweza kuzingatiwa. Baraza la rufaa Ontario linautumia msimamo huo kwenye kata. Mwaka 2003 mipaka mipya ya Ottawa ilifutwa kwa sababu haikuheshimu jamii za mashambani.

Sasa hesabu. Wataalamu huku hupenda kila diwani asizidi wala asipungue asilimia 25 ya wastani. Ni mazoea, hayamo kwenye sheria ya manispaa. Nimepiga kwa takwimu zako:

Mkibaki mlivyo, wastani ni 1,400 na nyinyi mko juu kwa asilimia 64. Hapo hakuna anayeweza kuutetea mgawanyo huo.

Mkiongeza kiti, wastani unakuwa 1,200. Nyinyi 1,150, mji 1,250, kaskazini 1,100. Wote ndani ya asilimia 10.

Mkichukua kiti kimoja cha mji, wote wanaingia ndani ya 25, lakini mji unabaki juu kwa asilimia 19. Inapita, ila ni vita.

Mkihamisha mtaa, nayo inapita. Kwa hiyo usiifiche kwenye barua. Iandike wewe mwenyewe, kisha eleza shule, maktaba, kanisa, na kwamba wa mashambani mtabaki na kura mbili tu dhidi ya nne za mji.

---

Bin Mwalimu

Mimi niko Kakamega, nafuatilia tu kwa hamu. Kwetu Kenya mabaraza ya miji na wilaya yalimezwa na kaunti 47 mwaka 2013, na wadi ni 1,450 nchi nzima kwa mujibu wa sheria. MCA wetu (diwani wa bunge la kaunti) anaweza kulia mpaka kesho, kaunti haiwezi kujiongezea wadi. Nyinyi mnao mlango mkononi, bisheni.

Lakini dada, umefikiria kura kufungana? Saba wakiwa wanane, nne kwa nne itakuwaje?

---

Mpima Ramani

Mwalimu, umeona mbali. Ontario kura zikifungana hoja inahesabiwa imeshindwa. Meya anapiga kura kama wengine, hana kura ya ziada ya kuvunja sare. Kwa hiyo baraza la wanane linaelemea upande wa kutofanya kitu, na kalvati lako linaweza kufa nne kwa nne.

Wengine huongeza viwili, wengine wanaishi na wanane. Binafsi ningeomba kimoja na kusema wazi kwamba hatari ya kufungana naijua. Hoja ya gharama nayo itakuja. Jibu lake ni kwamba posho ya diwani wa manispaa ndogo si mshahara wa kuajiriwa, na baraza linaweza kuipanga upya.

---

Shangazi wa Scarborough

Na muda je? Huu mwaka si wa uchaguzi, 26 Oktoba 2026?

---

Mpima Ramani

Ndiyo Shangazi. Sheria ndogo ya ukubwa wa baraza ikipitishwa ndani ya mwaka wa uchaguzi kabla ya siku ya kupiga kura, inaruka uchaguzi huo na kuanza na ule unaofuata. Ya mipaka nayo inatakiwa iwe imepita kabla ya 1 Januari ya mwaka wa uchaguzi, na rufaa zimekwisha. Kwa hiyo dada lenga 2030.

Ila usingoje kimya. Kampeni za mwaka huu ndizo nafasi yako. Muulize kila mgombea wa udiwani na wa umeya, mbele ya watu: ukichaguliwa, utaagiza ukaguzi wa kata? Ndiyo au hapana? Baraza jipya likishakaa, omba nafasi ya kuzungumza mbele yao kupitia kwa karani, nenda na ukurasa mmoja wa hesabu na ramani. Ombi la saini liweke akiba. Ukianza nalo wataona umekuja kuwashtaki.

---

Kiboko ya Rideau

Na mpeleke mzee azungumze, siyo wewe peke yako. Mgeni na mwenyeji wakisimama pamoja, ile hoja ya kuhamisha mtaa haina pa kushika.

---

Nyamizi

Nawashukuru wote, sijui niseme nini. Leo asubuhi nimempigia karani, ameahidi kunitumia idadi ya wapiga kura wa kila kata wiki hii. Hakuuliza ni za nini.

Jumamosi mzee anakuja kwangu na ramani ya halmashauri ya zamani, ile ya kitambaa. Mama mmoja wa Uvira na mwalimu wa shule ya kijiji watakuwepo. Nimewaambia nitapika maharage ya nazi. Tutaanza na orodha ya wagombea na swali lile moja la Mpima Ramani, halafu tutagawana nyumba za kupita.

Kalvati nimelipiga picha tena jana. Ufa umefika upande wa pili.